Mnyororo unapita Tunduma, sisi tumo wapi?

 

Nimechoka na neno "lango". Kila kiongozi wa serikali anayepanda jukwaani Tunduma lazima alitaje. Tunduma ni lango la SADC, Tunduma ni lango la uchumi, vijana changamkieni fursa. Watu wanapiga makofi, king'ora kinalia, msafara unarudi Vwawa, na sisi tunabaki na vumbi. Hakuna anayeuliza swali jepesi kabisa: lango hili ni la nani? Mwenye lango ana ufunguo. Anafungua akitaka, anafunga akitaka, anatoza, anakaa kivulini. Sisi tunaoambiwa tuna lango hatujawahi hata kuuona huo ufunguo. Tumekuwa nguzo zake tu, tumechimbiwa pale Custom, mali ya dunia inapita katikati yetu.

Kwa hiyo leo nataka tuongee kuhusu kitu kinaitwa mnyororo wa ugavi. Msikimbie. Najua neno hili linanuka semina. Mwaka juzi nilikaa kwenye semina moja ya ujasiriamali, tukapewa soda na kalamu, mwezeshaji akachora ubaoni visanduku vitano na mishale: mkulima, msindikaji, msambazaji, mwenye duka, mlaji. Akasema huo ndio mnyororo wa ugavi, mna swali? Hatukuwa na swali, akafuta ubao, tukasaini karatasi ya posho. Mchoro wenyewe haukuwa wa uongo. Tatizo ni kwamba uliacha kila kitu kinachouma.

Kwenye biashara, mnyororo wa ugavi ni safari nzima ya kitu, toka kikiwa shambani au mgodini mpaka kinapomfikia anayekitumia, pamoja na kila mkono unaokigusa njiani. Ndani yake vinatembea vitu vitatu. Mzigo unakwenda mbele. Pesa inarudi nyuma. Taarifa zinakwenda huku na huku: nani anataka nini, kiasi gani, lini, kwa bei gani, barabara imekaaje. Kimoja kikikwama, vyote vinakwama. Hapo ndipo semina zinaishia. Lakini kuna kitu cha nne ambacho sijawahi kuona mtu anakichora, nacho ni hasara ya kusubiri. Hiyo nayo inatembea kwenye mnyororo, tena inatembea haraka kuliko mzigo. Inapita kwa mkubwa, inampita wa kati, inamtafuta mnyonge kuliko wote, inakaa kwake.

Chukua lori moja la shaba. Imechimbwa Kolwezi, Kongo. Imepita Kasumbalesa, imekatisha Zambia, imefika Nakonde, imevuka kwetu. Bado ina zaidi ya kilometa 900 mpaka bandari ya Dar es Salaam, na njiani itapanda mizani Mpemba, Uyole, Makambako, Wenda, Mikese, Vigwaza. Kisha meli, mara nyingi kwenda China. Mwenye shaba hajawahi kuiona Tunduma na hana haja. Kwake sisi ni namba kwenye jedwali: siku ngapi mpakani. Siku zikizidi halalamiki, anakata kwenye nauli ya mzigo. Mwenye lori akikatwa naye anakata kwa dereva. Na madereva wengi wanalipwa kwa safari, si kwa siku, kwa hiyo siku nne za foleni ni siku nne za kula mfukoni mwake. Dereva naye inabidi akate. Gesti anaacha, analala kwenye lori. Utingo hampi kitu. Kwa mama lishe anakopa, anasema nikirudi. Basi hasara iliyoanzia kwenye meza ya mkurugenzi fulani Ulaya inakuja kutua kwenye sufuria ya mama wa Kaloleni, ambaye hajui shaba inauzwaje na hataulizwa.

Oktoba 2019 marais wawili, Magufuli na Lungu, walikuja hapa kuzindua Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, Tunduma na Nakonde. Wazo lilikuwa zuri: lori lisimame mara moja badala ya mara mbili, maofisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja. Sipingi hata kidogo. Lakini foleni hazikuisha, na anayebisha aje asimame Chapwa siku mfumo umegoma, ahesabu matela mpaka Mpemba.

Wapo wanaoniambia, tena hata ndani ya chama chetu, kwamba foleni ndiyo riziki ya Tunduma. Eti malori yakianza kupita bila kusimama, nani atanunua chipsi, nani atalala gesti, nani atabadilisha kwacha? Hoja hii inaonekana ya kizalendo kwa mji, kumbe ndiyo inayotuua. Maana yake tumekubali kuishi kwa kero ya mtu mwingine, na mtu mwenye kero siku zote anatafuta njia ya kuikwepa. Na hizo njia zipo, nitazifikia. Riziki ya kweli kwenye mnyororo anaipata yule anayeongeza kitu: anayehifadhi, anayesaga, anayekoboa, anayefungasha, anayetengeneza lori, anayeandaa nyaraka za forodha, anayejua bei ya leo Lusaka kabla ya wenzake. Anayeuza maji ya kunywa kwa watu waliokwama hajaingia kwenye mnyororo. Yuko pembeni ya barabara.

Sasa tuje kwenye mahindi, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Songwe ni mkoa wa mahindi. Mbozi, Momba, Ileje, kote huko mkulima analima akijua upande wa pili kuna mlaji. Mpaka kwake ni soko tu kama soko la Mlowo, tofauti ni pesa yenye picha nyingine. Mnyororo wake wa ugavi ni mfupi na unaeleweka: shamba, gunia, pikipiki au Fuso, Tunduma, Nakonde. Una matatizo yake, sikatai. Lumbesa bado ipo ingawa sheria ya vipimo inajulikana na kila mtu anajua gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Dalali bado anamkuta mkulima na shida ya ada ya shule anamnunulia mahindi yakiwa mabichi. Lakini ni mnyororo unaofanya kazi. Mpaka mtu mmoja, mbali, apewe kipaza sauti.

Juni 2017, kwenye Baraza la Idd Moshi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba ni marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi. Angalia mwezi. Juni. Watu wa huku wako shambani wanavuna. Mkulima alishanunua mbolea kwa bei yake, alishalipa vibarua, alishakopa, vyote kwa hesabu kwamba soko la Zambia na Kongo liko wazi. Kwa sentensi moja, hesabu yote ikawa takataka. Bei ikaporomoka Songwe, Rukwa, Mbeya. Marufuku ilipokuja kuondolewa baadaye, walioweza kusubiri walikuwa wale wenye maghala na mitaji. Mkulima mdogo alishauza kwa bei ya kutupa. Narudia ile hoja ya kitu cha nne: hasara ya kusubiri ilimpita mwenye ghala, ikaenda kukaa Momba.

Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa chakula, na usahihi wa sababu hiyo tunaweza kuujadili. Nchi ina haki ya kujilinda na njaa. Lakini kama taifa linataka mahindi yabaki ndani, taifa liyanunue, kwa bei ambayo mkulima angepata Nakonde. Ukimzuia mtu kuuza na hununui, wewe hujalinda chakula. Umemkopa mkulima bila kumwambia, na deni huna mpango wa kulilipa.

Ikaja 2023, habari ikawa vibali vya kusafirisha mahindi nje. Malori yakakwama mipakani yakisubiri karatasi. Halafu ikaja 2024, na hapa naomba msome polepole. Zambia ilikumbwa na ukame mkali wa El Niño, Rais Hichilema akautangaza kuwa janga la taifa mwezi Februari. Katikati ya mwaka serikali yetu, kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ikaingia makubaliano ya kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Jambo jema. Jirani ana njaa, wewe una akiba, unamuuzia. Lakini mmeliona lililotokea? Mahindi yale yale, mpaka ule ule, mlaji yule yule. Akiuza mkulima wa Mbozi mwaka 2017, anahatarisha usalama wa taifa. Ikiuza serikali mwaka 2024, ni diplomasia ya uchumi na picha zinapigwa.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si elimu ya biashara. Vijana wa Tunduma wanajua biashara kuliko mwezeshaji wa semina. Mvulana wa Sogea anayeshika bunda la kwacha anajua kiwango cha kubadilisha fedha cha asubuhi na cha jioni, anajua lori la nani linakuja, anajua Nakonde leo wanataka sukari au wanataka mchele. Hiyo ndiyo ile taarifa niliyosema inatembea kwenye mnyororo, na yeye anayo kichwani bure. Asichokijua, na hawezi kukijua, ni kiongozi gani kesho ataamka na tamko.

Mnyororo wa ugavi unasimama juu ya kitu kimoja kuliko lami na mizani: uhakika wa kesho. Mwenye kinu Nakonde akiagiza mahindi kwangu, hanunui mahindi tu. Ananunua ahadi kwamba wiki ijayo yatakuja mengine, ili mashine yake isisimame. Nikishindwa mara moja kwa sababu ya tamko, anaelewa. Mara ya pili anatafuta mtu Mkushi, ndani ya nchi yake. Mara ya tatu hata simu hapokei. Marufuku inaweza kuondolewa kwa siku moja, lakini mteja aliyekimbia harudi kwa tangazo la redio.

Mwaka 2025 tuliliona tena. Malawi ilizuia baadhi ya mazao yetu kuingia kwake, yakiwemo mchele, unga, ndizi na tangawizi. Afrika Kusini nayo kwa miaka ilikuwa imezifungia ndizi zetu mlango. Aprili 23, 2025, Waziri wa Kilimo Hussein Bashe akajibu kwa kupiga marufuku mazao yote ya kilimo kutoka nchi hizo mbili. Nitakuwa mkweli: siku ile wengi wetu tulishangilia, nami nilielewa kwa nini. Malawi ndiyo ilianza, na mtu akikufungia mlango miaka na miaka huwezi kuendelea kumwachia wako wazi kwa tabasamu. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, mazungumzo yakaanza.  Kwa waziri hiyo ni mbinu ya majadiliano, na pengine ni mbinu iliyofanikiwa.

Ila nenda Isongole, Ileje, mpakani na Chitipa. Pale watu wa pande mbili wanaoana, wanazikana, wananunuliana maharage. Siku chache kwa mama mwenye mtaji wa laki mbili si mbinu ya majadiliano. Ndizi haisubiri majadiliano. Nyanya haisubiri. Serikali ilipoamua kupigana vita ya biashara, haki yake, ilitakiwa kujua silaha yake inampiga nani kwanza. Kulikuwa na mfuko wowote wa kuwafidia wafanyabiashara wadogo wa Isongole? Kulikuwa na hata siku saba za kumalizia mzigo uliokwisha kulipiwa? Mimi nimetafuta, sijaona.

Na msifikiri tunaonewa na wetu tu. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde baada ya wagonjwa wa korona kuongezeka ghafla pale. Agosti 2024 Zambia hiyo hiyo ikafunga mipaka yake na Kongo, Kasumbalesa ikiwemo, kwa ugomvi wa vinywaji. Kikohozi cha Kasumbalesa kinasikika Tunduma. Mnyororo ndivyo ulivyo, ukivutwa kule unatikisika huku. Hatuwezi kuwazuia majirani wasifunge. Tunachoweza ni kuwa na serikali inayojua kwamba kila kufuli ina mtu chini yake, iwe ni kufuli yetu au yao, na inayojiandaa.

Kuna suala la karatasi ambalo vyombo vya habari hawaligusi kabisa. Mfanyabiashara mdogo wa Namanga au Sirari anayevusha bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 ana cheti chepesi cha uasili, anajaziwa pale pale mpakani. Zambia nayo iko COMESA, na COMESA ina utaratibu wake mwepesi kwa wadogo, anautumia Mzambia na Mmalawi wakiuziana. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kwa hiyo dada wa Tunduma mwenye mabeseni na vitenge hana cheti cha huku wala cha kule. Mkubwa mwenye kontena ana wakala wa forodha wa kumfanyia kila kitu. Yule dada ana njia za panya, na kwenye njia za panya hakuna risiti, kuna kunyang'anywa, kuna kudaiwa vitu ambavyo sitaki kuviandika hapa. Halafu kiongozi anasimama anasema vijana na wanawake wa Tunduma ni wakwepa kodi. Bana! Mtu hajawekewa mlango, unamshtaki kwa kuruka ukuta?

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna vijana wanadhani mnyororo huu umekuja wenyewe kama mto. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo njia zake zilipita kusini, ikabaki imebanwa koo. Mafuta yakaanza kupita hapa kwa malori, kwenye barabara ya vumbi na tope iliyoua watu wengi kiasi kwamba wageni waliiita njia ya kuzimu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likawa limefika Ndola. Kisha Wachina wakajenga TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa 1976 baada ya Wazungu kusema mradi huo haulipi. Nyerere na Kaunda waliamua, wakajenga, wakaulinda. Unaweza kuwapinga kwa mengi, nami nawapinga kwa mengi, lakini wale wazee walijua kwamba mnyororo ni uamuzi wa kisiasa wa muda mrefu. Hawa wa leo wanadhani ni bomba la pesa lililoachwa wazi.

Na niliahidi kuzungumzia njia za kutukwepa. Ya kwanza iko magharibi. Angola ina reli ya Lobito, kilometa zipatazo 1,300 mpaka mpaka wa Kongo, imekodishwa kwa kampuni kubwa za nje kwa miaka 30, Marekani imeiahidi mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe. Hakwenda kule kutalii. Shaba ya Kolwezi ikienda Lobito haioni Kasumbalesa, haioni Nakonde, haioni Tunduma. Ya pili ni hapa kwetu: Septemba 2024, Beijing, serikali za Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ni habari njema kwa nchi. Lakini treni haisimami Chapwa kununua chipsi. Mzigo ukirudi kwenye reli, yale matela yanayolisha gesti zetu yatapungua, na hakuna mtu mmoja aliyekuja Tunduma na mpango wa kutuambia: stesheni yenu itakuwa na maghala haya, vijana hawa watafundishwa kazi hii, mahindi na kahawa ya Mbozi vitapakiwa hapa. Kahawa yetu sehemu kubwa kabisa inaondoka nchini ikiwa haijakaangwa. Miaka yote hii iko reli, uko mpaka, uko umeme, na bado tunapeleka punje.

Upande wa pili wa mnyororo, bandarini, nako wameshagawana. Mwaka 2023 gati za Dar es Salaam wakapewa DP World kwa miaka 30, watu wakalia, kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu Mbeya, hapo jirani, ikatupwa Agosti 10 mwaka huo. Mwaka uliofuata Adani na wenzake wakachukua sehemu ya makontena. Unaweza kusema ufanisi umepanda, tujadili. Mimi nauliza: kwenye mikataba hiyo mikubwa, neno "Tunduma" limo? Mwenye bandari ana mkataba. Mwenye meli ana mkataba. Mwenye mgodi ana mkataba. Sisi tulio katikati tuna hotuba.

Hapa kuna mtu atasema, kamanda, umeanza na biashara sasa unaingiza siasa. Siasa imo toka aya ya kwanza. Nani aliamua Juni 2017? Nani aliamua Aprili 23? Diwani wako aliulizwa? Naibu Waziri wa Kilimo mwaka 2025 alikuwa mbunge wa Tunduma, David Silinde, yule yule aliyeingia bungeni 2010 na 2015 kwa kura zetu na kwa tiketi yetu, akahamia CCM 2020. Sitamtukana. Nauliza tu, kama mbunge wa mpakani amekaa ndani ya wizara inayofunga mipaka, na bado hakuna hata siku saba za taarifa kwa wapiga kura wake, je, anatuwakilisha kule au anawawakilisha wa kule kwetu?

Na mtu wa kumuuliza mtaani naye hayupo. Novemba 27, 2024 walifanya walichokiita uchaguzi wa serikali za mitaa, CCM ikatangazwa kuchukua karibu asilimia 99 ya vijiji. Wagombea wetu walienguliwa kwa makosa ya kalamu. Siku chache kabla, Freeman Mbowe alikamatwa na polisi hapa hapa Songwe akiwa kwenye kampeni. Mwaka 2025 Tundu Lissu aliwekwa ndani kwa kesi ya uhaini kwa sababu ya kudai mabadiliko ya sheria za uchaguzi. Mwenyekiti wa mtaa asiyechaguliwa na watu hana sababu ya kwenda Vwawa kupigania siku saba za mama wa ndizi. Anamwogopa aliyemteua. Taarifa kwenye mnyororo wetu wa siasa inashuka tu, haipandi, na biashara inayoongozwa hivyo ingekufa ndani ya msimu mmoja.

Tunachokidai kinaandikika kwenye sheria bila kumfilisi mtu. Marufuku yoyote ya mazao isianze kabla ya kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupita muda unaojulikana, na mzigo uliokwisha kulipiwa upite. Serikali ikizuia mkulima kuuza, inunue. Vibali vitolewe Tunduma na Isongole, na ofisa anayevitoa apewe saa za kutoa jibu, zikipita kibali kihesabike kimetoka. Cheti chepesi cha mfanyabiashara mdogo kizungumzwe na Zambia sasa; mkataba wa eneo huru unaounganisha COMESA, SADC na Afrika Mashariki umeanza kutumika Julai 2024, hakuna tena kisingizio kwamba sisi na wao hatuna meza moja. Na mpango wa TAZARA uletwe hapa, kwa Kiswahili, ukajadiliwe uwanjani kabla ya treni ya kwanza mpya kupita.

Lakini tusikae tunangoja. Wenye mnyororo wanatushinda kwa sababu wana takwimu na sisi tuna malalamiko. Tukisema foleni ilikuwa siku nne, wanasema ilikuwa siku moja, na gazeti linaandika moja. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu kila tawi la vijana, kuanzia Mpemba, Chapwa, Kaloleni, Sogea, Majengo, Maporomoko mpaka Isongole, liwe na daftari moja. Lori limefika foleni saa ngapi, limevuka saa ngapi. Gunia la mahindi leo limenunuliwa bei gani Mlowo, limeuzwa bei gani Nakonde. Nani kanyang'anywa nini, wapi, amepewa risiti au hakupewa. Majina ya watu msiandike, wala namba za gari. Tarehe, saa, mahali na kiasi vinatosha. Kila Ijumaa jioni katibu wa tawi apige picha ukurasa, amtumie katibu wa jimbo. Daftari la kwanza limeshanunuliwa, liko Chapwa, lina kurasa mbili zimejaa.